NYUMBA NYEUPE ZA UFUONI: ZINATUFUNZA NINI?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Waliotutangulia walisema kwamba nyumba njema si mlango. Maana yake ni kuwa usiisifu nyumba kwa kuutazama mlango tu; ingia ndani kwanza uone. Methali hii nimeisoma tangu shule ya msingi, na katika mtihani nimeieleza maana yake mara nyingi tu. Hata hivyo, sikuielewa barabara hadi likizo ya Agosti nilipoanza kufuatana na mama kazini.

Mama yangu hufanya kazi ya usafi katika nyumba moja ya ufuoni huku kwetu pwani, kati ya Kilifi na Malindi. Ni zile nyumba ambazo kila mmoja wetu amewahi kuziona, hata kama ni kwa mbali: nyeupe pe pe pe, zimezungukwa na ukuta mrefu, maua mekundu yamening'inia juu ya ukuta na mlinzi yuko langoni. Siku ya kwanza nilipoingia ndani nilisimama tu nikatoa macho. Sebule ile ilikuwa kubwa kuliko darasa letu, na ndani yake hapakuwa na kitu! Hapakuwa na kabati, hapakuwa na makochi yenye vitambaa vya kushona, wala hapakuwa na kalenda ukutani. Palikuwa na benchi la simiti lililojengwa pamoja na ukuta, mito michache juu yake, meza moja ya mbao, na bahari. Naam, bahari, manake upande wa mbele haukuwa na ukuta kamwe. Ulikuwa na vioo vya kusukuma, na vilikuwa wazi.

"Mama," nikauliza, "kwani hawa watu wamehama?"

Mama alicheka mpaka akaketi. "Hawajahama, mwanangu. Ndivyo wanavyotaka iwe. Haya, shika hicho kitambaa, tuna vioo vya kupanguza."

Nimeandika makala haya kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tunadhani kwamba nyumba kama hizo ni mambo ya wageni tu, kwamba zilikuja na ndege na hazituhusu ndewe wala sikio. Pili, nyumbani kwetu tunajenga. Makosa ya kujenga si kama makosa ya insha ambayo mwalimu huyapigia mstari mwekundu ukaandika tena. Ukikosea nyumba, utalala ndani ya kosa lako maisha yako yote.

Hebu tuanze na huo weupe. Ulitoka wapi? Mwaka jana chama chetu kilizuru magofu ya Gedi. Mji ule uliachwa mwanzoni mwa karne ya 17, lakini kuta zake za mawe ya matumbawe zingali zimesimama. Tuliona vyumba vyembamba virefu, ua wa ndani, visima, vyoo, na vishimo vidogo ukutani ambamo taa ziliwekwa. Ukienda Lamu, ambako mji wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2001, utaona mambo yayo hayo katika nyumba ambazo watu wangali wanaishi. Mbele ya mlango kuna daka lenye viti vya mawe, ambapo mgeni huketi bila kuingia ndani. Ukiingia unakutana na kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, na mwanga wote wa nyumba huingilia hapo. Baada ya kiwanda, misana hufuatana moja nyuma ya nyingine, na huko ndani kabisa ukuta mzima huwa umejaa zidaka zilizochongwa kwa chokaa. Zidaka hizo ndizo zilizokuwa kabati. Vyombo vya kaure, vitabu na taa vyote vilikaa ukutani, sakafu ikabaki wazi.

Sasa rudi kwenye ile nyumba anayosafisha mama. Benchi la simiti lililoshikana na ukuta ni nini kama si baraza? Rafu zilizotobolewa ukutani ni nini kama si zidaka? Hata kitanda cha wageni kimejengwa kwa simiti kikapakwa rangi nyeupe, na chandarua kimefungwa juu yake. Basi kumbe kile nilichodhani ni cha wageni kilikuwa chetu, wageni wamekisafisha tu na kukifungulia dirisha.

Chokaa yenyewe ina elimu ndani yake. Tulipofika mada ya kaboni katika somo la kemia, mwalimu alituandikia ubaoni habari za kalisiamu kaboneti, nami nikamwona babu akilini, kwa sababu ujanani alikuwa mchoma chokaa. Mawe ya matumbawe ni kalisiamu kaboneti. Yakipangwa juu ya rundo kubwa la magogo na kuchomwa hadi joto lifikie kama nyuzi 900 za selisiasi, hutoa hewa ya kaboni dioksaidi na kubaki kitu chepesi, cheupe, kikali. Ukikimwagia maji kinachemka na kupasuka, nacho hugeuka kuwa chokaa ya kupaka. Ukishaipaka ukutani, chokaa huanza kuivuta tena kaboni dioksaidi kutoka hewani kidogo kidogo, na mwishowe inakuwa jiwe upya. Yaani ukuta wa chokaa ni jiwe lililochomwa, likalegezwa, likarudi kuwa jiwe. Babu hakusoma kemia, lakini alijua kwamba chokaa changa isiguswe kwa mkono mtupu na kwamba ukuta wa chokaa "hupumua". Jambo hilo ni kweli. Unyevu ulio ndani ya mawe hutoka kupitia chokaa, ilhali rangi ya mafuta huuzuia humo ndani, nayo ikabambuka kama ngozi ya nyoka. Isitoshe, chokaa ni besi kali, kwa hiyo kuvu hupata taabu kuota juu yake ikiwa bado mpya.

Na faida ya weupe? Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoipiga, na rangi nyeusi humeza. Ukuta mweupe wa nje huukataa moto wa jua, na ukuta mweupe wa ndani huutuma mwanga kutoka ukuta mmoja hadi mwingine hata pembeni kabisa mwa chumba. Ndiyo maana katika nyumba ile mama huweza kufagia saa kumi na mbili jioni bila kuwasha taa, na kwetu mimi huwasha koroboi saa kumi na moja ili nifanye hesabu. Kuta zetu ni za udongo, na dirisha letu ni dogo kama daftari.

Ama kuhusu Ulaya, weupe una historia yake pia. Mwaka wa 1911 kijana mmoja aliyekuja kujulikana kama Le Corbusier alisafiri hadi Uturuki na Ugiriki, akazipenda sana nyumba nyeupe za watu wa kawaida alizoziona huko. Baadaye akawa msanifu wa majengo mashuhuri. Nyumba yake iitwayo Villa Savoye, iliyoko Poissy karibu na Paris, ilikamilika mwaka wa 1931. Ni nyeupe, imeinuliwa juu ya nguzo, ina madirisha marefu kama mkanda, paa bapa na vyumba visivyo na mapambo. Wasanifu wengi wa dunia waliiga mtindo ule. Lakini sikiliza hili, msomaji: paa lile bapa lilivuja, na wenye nyumba walilalamika kwa barua mara kadha wa kadha. Nililifurahia sana jambo hilo nilipolisoma, si kwa ubaya, bali kwa sababu lilinionyesha kwamba hata bingwa hawezi kubishana na mvua.

Tena kuna tofauti kubwa kati ya huko na huku. Nchi za baridi hufungua dirisha kubwa la kioo ili jua liingie litie joto. Sisi tuko kati ya nyuzi 3 na 4 tu kusini mwa ikweta, jua tunalo hadi la kumwaga, na tunachokitafuta ni upepo na kivuli. Mtu akichukua picha ya nyumba ya Ulaya akaijenga hapa kama ilivyo, atakuwa amejenga tanuri la mkate. Kioo huruhusu mwanga wa jua kupita, lakini joto likishaingia halitoki kwa urahisi. Ndipo watu hununua mashine za kupoza hewa, wakalipa bili ya stima kila mwezi kwa sababu ya kosa la siku ya kwanza.

Sasa nieleze jinsi nyumba nzuri ya ufuoni inavyofanya kazi, manake nimeichunguza ile ya mama chumba kwa chumba.

Jambo la kwanza ni upepo. Pwani yetu ina pepo mbili kuu. Kuanzia mwezi wa Desemba hadi Machi huvuma kaskazi kutoka kaskazini mashariki, na kuanzia Aprili hadi Septemba huvuma kusi kutoka kusini mashariki. Zote mbili hutufikia zikitoka upande wa bahari. Kwa hiyo uwazi wa upande wa bahari ndio mdomo wa nyumba, lakini mdomo peke yake hautoshi. Upepo hauingii mahali ambapo hauwezi kutoka. Nyuma ya sebule ile kuna madirisha mengine, na juu ya milango kuna nafasi zilizoachwa wazi kwa makusudi. Siku moja niliyafunga madirisha ya nyuma nikiwa napiga deki, na papo hapo jasho likaanza kunitoka. Nilipoyafungua, pazia la mbele likainuka. Mwalimu wa fizikia angelikuwepo angelifurahi.

Jambo la pili ni jua. Adhuhuri jua liko karibu juu ya utosi, na paa ndilo linalopigana nalo. Asubuhi na jioni jua liko chini, nalo hupenya moja kwa moja kwenye kuta za mashariki na magharibi. Kwa sababu hiyo nyumba huwa nafuu ikiwa pande zake ndefu zinatazama kaskazini na kusini. Taabu ni kwamba bahari yetu iko mashariki! Mwenye nyumba anataka kuiona bahari, na bahari inakuja pamoja na jua la asubuhi. Suluhisho ni varanda pana. Katika nyumba ile paa limetokeza mbele kwa hatua tano zangu, kwa hiyo mtu aliye ndani anaiona bahari lakini jua la saa tatu halimwoni.

Jambo la tatu ni paa lenyewe. Nyumba nyingi za ufuoni zimeezekwa makuti, nazo ni baridi kweli. Makuti hayapitishi joto upesi, na paa likiwa refu lenye mwinuko mkali, hewa moto hupanda juu na kutoka kwenye ncha zilizoachwa wazi. Walakini makuti yana adui wawili. Huoza, kwa hiyo baada ya miaka kadhaa lazima uezeke upya. Tena hushika moto upesi, na cheche moja ikiruka kwa upepo wa kusi, nyumba tatu huwaka pamoja. Kuna la ziada ambalo matajiri hawalihesabu: maji ya mvua kutoka kwenye makuti huwa na rangi ya chai, na sisi ambao visima vyetu vina chumvi tunayategemea maji ya mvua. Mabati ni moto, lakini mabati huleta maji.

Jambo la nne ni huo upweke wa ndani, yaani kutokuwa na vitu. Mwanzoni nilidhani ni madaha. Lakini fikiria maisha ya ufuoni. Kila aingiaye analeta mchanga miguuni. Hewa ina chumvi na unyevu, hivyo kabati la mbao huvimba mlango usifunge, nguo zilizomo huota kuvu, bawaba hushika kutu. Kapeti hunuka. Basi kitu kisichokuwepo hakiozi. Sakafu ya simiti iliyosuguliwa hufagiwa kwa dakika tano. Jicho nalo hupumzika, kwa kuwa halina vitu kumi vya kutazama. Wazee wa Lamu walilijua hilo, ndiyo maana waliviweka vyombo katika zidaka.

Jambo la tano ndilo zito kuliko yote, nalo ni chumvi. Zamani upana wa chumba uliamuliwa na boriti. Boriti za mikoko zilibeba dari nzito la mawe na chokaa, na kwa kuwa boriti nzuri haina urefu wa kupita mita 3 hivi, vyumba vya Gedi na Lamu ni vyembamba. Siku hizi tuna simiti yenye vyuma ndani. Simiti ni hodari wa kubeba mzigo unaoigandamiza, lakini ikivutwa hupasuka. Chuma ni hodari wa kuvutwa. Vikiungana, unapata sebule pana kuliko darasa. Lakini chumvi ikikifikia kile chuma kinaanza kushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, mara mbili na zaidi. Inavimba ndani kwa ndani mpaka simiti inapasuka na kudondoka vipande vipande.

Hili sikulisoma kitabuni. Baba yangu mdogo alijenga chumba cha slebu miaka sita iliyopita. Mchanga aliubeba ufuoni usiku kwa mkokoteni, na maji aliyachota katika kisima cha chumvi, kwa sababu mchanga wa mtoni na maji ya bomba ni pesa. Alisifiwa kijiji kizima. Mwaka jana mwezi wa Mei pande la slebu kubwa kama sufuria ya ugali wa matanga lilianguka juu ya kitanda chake. Bahati yake alikuwa ametoka kwenda kukamua mbuzi. Nilikwenda kuona. Kitanda kilikuwa kimevunjika katikati, na juu palikuwa na chuma chekundu kimening'inia kama mbavu. Baba mdogo alikuwa ameketi nje na kikombe cha maziwa mkononi, hasemi neno.

Baada ya hayo, bila shaka utafahamu kwa nini sikunyamaza nyumbani. Baba ameweka akiba kwa miaka mingi ili tutoke katika nyumba ya udongo. Mawe ya kuchonga kutoka timboni alishayanunua. Siku moja alikuja na ukurasa uliokatwa gazetini, wenye picha ya nyumba nyeupe ya ufuoni: paa bapa la slebu na kioo kitupu mbele. "Hii," akamwambia fundi, "niigizie hii hii, hata kama ni vyumba viwili."

Nilimwelewa baba. Miaka yote hii amekuwa akikandika kuta kila baada ya mvua za masika, na alitaka mtu akipita njiani ajue kwamba hapa pana nyumba. Lakini ploti yetu inatazama magharibi, barabarani. Kile kioo kingemeza jua la alasiri lote na kutupikia ndani. Nikasema, kwa adabu, "Baba, naomba niseme neno." Mmoja wa wajomba waliokuwepo akaguna, akauliza mtoto wa kike atajua nini mambo ya simiti. Baba akanyamaza. Nikaona aibu nikainamisha kichwa.

Hapo ndipo mama alipoweka chini sinia ya chai. "Nyumba iliyo kwenye picha mimi ndiye ninayeisafisha," akasema. "Si hiyo, lakini dada yake. Niulizeni mimi. Kile kioo kila siku asubuhi kina chumvi, ninakipanguza kwa maji baridi. Huo ukuta mweupe kila mwaka baada ya mvua unakuwa mweusi huku chini, tunaupaka upya sisi watatu siku nne. Weupe huo ni mikono. Mimi nikitoka huko nikija huku nipanguze tena kioo?"

Hakuna aliyejibu, wala mjomba hakuguna tena. Baba alikunja lile karatasi polepole akalitia mfukoni, kisha akanigeukia. "Haya, sema lile neno lako."

Nikasema yote niliyoyaandika hapo juu, ila kwa kifupi. Fundi aliniunga mkono katika jambo la mchanga, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amekwenda kuliona dari la baba mdogo. Mwishowe tuliafikiana hivi. Slebu hakuna, tutaezeka mabati yaliyopakwa rangi nyeupe, yenye mwinuko, na chini yake dari jepesi ili joto lisishuke. Mfereji wa maji utaelekezwa kwenye tangi. Mbele patakuwa na varanda ya hatua tatu yenye baraza la mawe, ili ukuta wa magharibi ukae kivulini na mgeni apate pa kuketi. Kila chumba kitakuwa na madirisha mawili yanayokabiliana, si makubwa sana. Zidaka nne zitaachwa ukutani wakati wa kujenga, na hazitatugharimu chochote kwa vile ni mawe yasiyowekwa. Kuta zitapigwa chokaa ndani na nje. Kwa linta, ambayo lazima iwe na vyuma, mchanga utoke mtoni na maji yawe matamu, hata kama tutajenga polepole. Ua wa ndani kama wa Lamu niliuomba, baba akakataa: ploti ni ndogo. Nilikubali yaishe.

Kabla sijamaliza, kuna upande mwingine wa nyumba hizi ambao si wa kusifiwa. Nyingine zimejengwa karibu mno na maji, na kuta za kuzuia mawimbi zimewekwa mbele yake. Wimbi likigonga ukuta mgumu halitulii kama linavyotulia juu ya mchanga. Hurudi na nguvu zake na kuubeba mchanga wa chini, na mara nyingi wa jirani pia. Hivyo mtu huokoa ua wake, ufuo wenyewe ukaliwa. Aidha kuna taa. Hifadhi ya bahari ya Watamu ilianzishwa mwaka wa 1968, na katika fuo za huko kasa hupanda usiku kutaga mayai. Vitoto vya kasa vikianguliwa hufuata upande wenye mwangaza zaidi, na kwa maumbile upande huo huwa ni bahari. Nyumba nyeupe iliyowashwa taa usiku kucha huvipoteza, vikaelekea bustanini na kufa. Dawa yake ni rahisi: taa za upande wa bahari zizimwe, au ziwe hafifu na zielekezwe chini. Kisha kuna vichochoro vya kwenda baharini. Babu alikuwa akipita na mshipi wake popote. Mimi huzunguka kuta saba ndipo niione bahari niliyozaliwa kando yake. Nyumba haiharibikiwi ikiacha njia.

Na lingine ambalo sikuweza kulimaliza moyoni. Nyumba ile ina vyumba vinne vya kulala, na mwenyewe huja mara mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote mama hufungua madirisha asubuhi ili hewa ipite, na kuyafunga jioni, bila mtu kulala humo. Nilimuuliza kama haimuumi. Alisema, "Inanilipa karo yako." Tukaendelea kufagia.

Kwa hiyo, wanachama wenzangu, mkiziona nyumba nyeupe za ufuoni msizipite tu kwa kusema ni za matajiri, wala msizitamani picha zake bila kujua zinavyofanya kazi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Chokaa, baraza, zidaka, kivuli na upepo ni mali yetu, na hata mwenye vyumba viwili anaweza kuwa navyo. Ulizeni jua linatoka wapi, upepo unatoka wapi, na mchanga umetoka wapi. Muulizeni pia atakayeisafisha.

Ninapoandika haya, nyumba yetu imefika kwenye linta. Mabati bado, manake muhula huu pesa zimekwenda karo na vitabu. Tunaomba Mungu tuezeke kabla ya mvua za Aprili. Nimeshachagua kidaka changu. Kiko upande wa dirisha la mashariki, na urefu wake unatosha kuingiza vitabu vyote vya Kidato cha Nne vikiwa vimesimama.